SOMO LETU: TUIFAHAMU INJINI YA DIZELI

Wakati wa mavuno yaliyopita mashine ya kusaga ya kijiji chetu ilizima ghafla. Kwa wiki tatu mama zetu walibeba mtama na uwele kichwani mpaka kijiji cha jirani. Fundi alipofungua injini alikuta maji ndani ya mafuta. Matengenezo yakamaliza fedha zote za mfuko wa mashine. Kosa lilikuwa letu wenyewe: pipa la dizeli lilikaa nje bila kifuniko. Basi leo tujifunze habari za injini hii.

Inafanyaje kazi?

Injini ya petroli huwashwa na cheche ya plagi. Injini ya dizeli haina cheche. Moto unatoka wapi, basi? Chukua pampu ya baiskeli, jaza upepo kwa nguvu, kisha gusa pampu upande wa chini. Ina joto, siyo? Hewa ikishindiliwa hupata joto.

Ndani ya injini, pistoni huishindilia hewa mpaka joto lake linapita nyuzi 500. Hapo nozeli hunyunyiza dizeli kama ukungu. Mafuta huwaka yenyewe, huisukuma pistoni, na gurudumu huzunguka.

Aliyebuni injini hii ni Mjerumani, Rudolf Diesel. Ilifanya kazi vizuri mwaka 1897. Mafuta yake yameitwa kwa jina lake.

Inatumika wapi?

Siku hizi vijiji vingi vina umeme, na tangu mwaka 2024 treni ya umeme inatoka Dar es Salaam mpaka Dodoma. Hata hivyo malori, mabasi, matrekta na pampu nyingi za maji bado hutumia dizeli.

Lakini mashine bila matunzo ni chuma tu. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta Kongwa kulima karanga. Mengi yalikuwa yamekwisha tumika kwingine. Vipuri vilikuwa haba, mafundi haba, mengi yakaharibika. Ukame na udongo mgumu navyo vikachangia. Mwaka 1951 mpango ule ulivunjwa.

Tuitunze namna gani?

1. Tundu za nozeli ni ndogo sana. Uchafu kidogo tu huziziba. Funika pipa, weka kivulini, na chuja mafuta kabla ya kuyatia.

2. Maji ni mazito kuliko dizeli, kwa hiyo hukaa chini. Pipa likiletwa, liache litulie. Usichote mpaka chini kabisa.

3. Usichanganye dizeli na mafuta ya taa kwa kutafuta rahisi. Dizeli ndiyo inayolainisha pampu ya mafuta na nozeli. Mafuta ya taa hayalainishi vizuri, na vyuma husagika.

4. Kila asubuhi, kabla ya kuwasha, pima oili kwa kijiti chake. Kama injini hupozwa kwa maji, tazama na maji.

5. Kiangazi chetu kina vumbi jingi. Safisha chujio la hewa mara kwa mara. Ukiona moshi mweusi, huenda injini inakosa hewa. Moshi wa buluu maana yake injini inaunguza oili. Mwite fundi.

6. Moshi wa injini una sumu inayoua. Bomba la moshi litoke nje ya nyumba. Kanga na watoto vikae mbali na mkanda unaozunguka.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Kifuniko cha pipa ni ufa mdogo. Sisi tumekwisha jenga ukuta. Ninyi wenzetu, zibeni mapema.

Maswali ya kuzungumza

1. Mafuta huwakaje bila cheche?
2. Kwa nini tusichote dizeli mpaka chini ya pipa?
3. Kijijini kwako, nani anatunza funguo za mafuta, na nani anamkagua?