Virusi vya Michirizi ya Kahawia ya Muhogo: Namna ya Kuvisoma na Kuviainisha

Mkulima wa Vigwaza, wilayani Bagamoyo, aweza kulitazama shamba lake la muhogo na kuridhika, kwa kuwa mashina yamesimama wima na majani ya juu ni ya kijani. Siku ya kung'oa ndipo hukuta mizizi ina mabaka makavu ya rangi ya kahawia, haifai kuliwa wala kuuzwa. Huo ndio ugonjwa wa michirizi ya kahawia. H. H. Storey, mtafiti wa Amani, Usambara, aliueleza mwaka 1936. Hata hivyo, jamaa ya virusi viuletavyo haikuthibitishwa mpaka mwaka 2001, sehemu ya jenomu yake iliposomwa.

Dalili za nje hazitoshi kuainisha virusi. Batobato na michirizi ya kahawia huenezwa kwa inzi weupe na kwa pingili zenye ugonjwa. Lakini jenomu ya virusi vya batobato ni DNA, na ile ya michirizi ni uzi mmoja wa RNA. Kwa hiyo hayo ni makundi mawili yasiyo na udugu.

Uzi wa RNA umeundwa kwa nyukleotidi za aina nne, zinazoandikwa kwa herufi A, C, G na U. Ili kuusoma, wataalamu hutoa RNA katika jani, huinakili kuwa DNA kwa kimeng'enya, husoma vipande vyake, kisha huviunganisha pale mwisho wa kimoja unapofanana na mwanzo wa kingine. Mwaka 2009 Mtanzania Deusdedith Mbanzibwa na wenzake walichapisha jenomu nzima ya kwanza ya virusi hivi, kutoka Muleba, Kagera. Ilikuwa na nyukleotidi 9,069.

Baada ya kusomwa, jenomu hulinganishwa. Katika familia ya Potyviridae, virusi viwili vinavyofanana kwa chini ya asilimia 76 ya nyukleotidi huhesabiwa kuwa spishi mbili. Virusi vya michirizi vilipolinganishwa, makundi mawili yalionekana, yakifanana kwa takriban asilimia 70 tu. Hivyo mwaka 2010 spishi mbili zilitambuliwa, zote za jenasi Ipomovirus. Moja ilipewa jina la Uganda, na sampuli ile ya Muleba ni ya spishi hiyo. Hapa yafaa kukumbuka kwamba jina la virusi si mpaka wa makazi yake.

Uainishaji huu si suala la majina tu. Kipimo cha maabara hutafuta mfuatano maalumu wa herufi. Kikitengenezwa kwa spishi moja, chaweza kuikosa ya pili. Pingili zikatangazwa kuwa safi, zikagawiwa, na ugonjwa ukapandwa pamoja na mbegu. Vivyo hivyo, aina mpya ya muhogo haina budi kujaribiwa dhidi ya spishi zote mbili kabla haijafika Vigwaza.

Maswali
1. Linganisha AUGGCUAACG na AUGACUAUCA. Herufi ngapi kati ya 10 zinafanana, nafasi kwa nafasi?
2. Kwa nini herufi 10 hazitoshi kuamua kuwa virusi ni vya spishi mbili?
3. Kwa nini mkulima asichague pingili kwa kutazama majani tu?