Tuyasome Vipi Maandishi ya Chuki? Mafunzo Kutoka Gazeti la Kangura

Sifa zote njema anastahiki Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ndugu wanafunzi na wazazi wetu, yako maandishi yanayohubiri chuki dhidi ya kabila au taifa jingine. Wapo wanaosema dawa yake ni kutoyasoma kabisa. Sisi tunaona kuwa asiyeijua sumu hataitambua siku atakapotiliwa kwenye chai. Mfano wetu unatoka kwa jirani zetu wa Rwanda.

KANGURA LILIKUWA GAZETI GANI?

Kangura, maana yake "amsha", lilianza mwaka 1990. Mhariri wake, Hassan Ngeze, alikuwa na jina la Kiislamu. Tunalitaja hili makusudi, tusije tukadhani kuwa jina peke yake humkinga mtu na dhulma.

Oktoba 1990 wapiganaji wa RPF, wengi wao Watutsi waliokulia ukimbizini, waliingia Rwanda kutoka Uganda. Desemba mwaka huo Kangura likachapa "amri kumi" za Wahutu. Amri hizo zilimwita msaliti Mhutu anayeoa mwanamke wa Kitutsi au kushirikiana na Mtutsi katika biashara, na zikataka Watutsi wasionewe huruma. Novemba 1991 jalada lilikuwa na picha ya panga, na pembeni yake swali: ni silaha gani itakayowashinda kabisa "inyenzi", yaani mende?

Mwaka 1993 redio RTLM ikaanza kueneza chuki hiyohiyo kwa muziki na utani. Kati ya Aprili na Julai 1994 waliuawa watu zaidi ya 800,000, wengi wao Watutsi, pamoja na Wahutu waliopinga mauaji. Desemba 2003 mahakama ya Umoja wa Mataifa iliyokuwa Arusha ilimtia hatiani Ngeze na waanzilishi wawili wa RTLM.

MAMBO MANNE YA KUULIZA

1. Watu wanaitwaje? Neno "inyenzi" walikuwa wakiitwa wapiganaji wa miaka ya 1960. Baadaye akaitwa hivyo kila Mtutsi, hata mtoto mchanga. Mtu akishaitwa mdudu, kumuua huonekana kama kufagia nyumba. Surat al-Hujurat, aya ya 11, inakataza kuitana kwa majina mabaya.

2. Ukweli unaishia wapi? Vita vilikuwepo kweli. Uongo ulianza pale jambo la wenye bunduki lilipobebeshwa kila jirani, mwalimu na mkulima wa Kitutsi. Maandishi ya chuki huanza na la kweli, kisha huruka kutoka "baadhi yao" hadi "wote". Mwanafunzi aitafute sentensi inayoruka na kuipigia mstari.

3. Ushahidi uko wapi? Aya ya 6 ya sura hiyohiyo inatuamuru tuihakikishe habari kwanza, tusije tukawadhuru watu kwa ujinga kisha tukajuta.

4. Tunatakiwa tufanye nini? Swali la jalada lile lilikuja na jibu lake, nalo ni panga. Surat al-Maida, aya ya 8, inafundisha kuwa kuwachukia watu kusitufanye tuache uadilifu.

MAZINGATIO

Waislamu wa Rwanda walikuwa wachache, na si wote waliosalimika na fitna ile. Hata hivyo wengi wao walikataa, wakawaficha jirani zao majumbani na misikitini, kama ilivyokuwa mtaa wa Biryogo, Kigali. Walisikia redio ileile waliyoisikia wauaji.

Siku hizi chuki haihitaji mtambo wa kuchapa. Huingia nyumbani kwa simu. Mtihani mgumu zaidi ni pale ujumbe unapotusifu sisi, kabila letu au dini yetu, na kuwatukana wengine. Maswali haya manne yaulizwe hapo pia, kabla ya kumtumia mwenzako.

MASWALI YA KUJIPIMA

(a) Eleza tofauti kati ya kulaumu kosa na kulaumu kabila.
(b) Kwa nini jalada la Novemba 1991 liliuliza swali badala ya kutoa amri?
(c) Pamoja na mzazi wako, chukueni habari moja mliyoipokea wiki hii muipime kwa maswali manne.

Wabillahi tawfiq.