SOMO LA ROBO HII: KUJIANDAA KWA UZAZI, MOYO NA MFUKO



Nilipokuwa na mimba ya mtoto wetu wa kwanza nilijiandaa kama mwanafunzi anayesubiri mtihani. Khanga zilifuliwa, nguo za mtoto zilipigwa pasi, nauli iliwekwa kwenye bahasha. Lakini uchungu ulipokolea usiku, nikiwa peke yangu nyuma ya pazia, niligundua kwamba hakuna aliyenifundisha kukaa na hofu. Nilidhani ninakufa. Mume wangu alikuwa nje getini, mama alikuwa kijijini. Muuguzi alipokuja alinikaripia nisipige kelele. Mtoto alizaliwa salama, ila ilichukua miaka kabla sijathubutu kubeba mimba nyingine. Ndiyo maana somo hili linaanza na moyo.

Tuna sababu ya kushukuru. Utafiti wa kitaifa wa mwaka 2022 ulionyesha vifo vya uzazi 104 kwa kila vizazi hai 100,000, wakati ule wa 2015/16 ulionyesha 556. Hata hivyo, kila mama anayekufa ana jina katika usharika fulani. Wataalamu hutaja ucheleweshaji wa aina tatu: kuchelewa kuamua, kuchelewa kufika kituoni, na kuchelewa kuhudumiwa. Miwili ya kwanza iko mikononi mwetu.

1. Kuandaa moyo

Mama aelezwe mapema kwamba uchungu huja na kuondoka kama wimbi, na kati ya wimbi na wimbi kuna kupumzika. Kwa uzazi wa kwanza safari ni ndefu. Hata uchungu ukishakolea, unaweza kuchukua hadi saa 12. Kutembea, kubadilisha mkao, kupumua polepole na kukandwa mgongo husaidia. Shirika la Afya Duniani linashauri kila mama awe na msindikizaji anayemchagua mwenyewe. Ulizeni kliniki mapema kama kituo kinaruhusu. Mama aulizwe pia, "Unaogopa nini?" na aachwe amalize kusema. Mariamu alipokuwa mjamzito alikwenda kwa Elisabeti akakaa karibu miezi mitatu. Hata yeye alihitaji mwenzake.

2. Kuandaa safari na vifaa

Kufikia mwezi wa saba familia iwe imekubaliana:
- Atajifungulia kituo gani, na nani atamsindikiza.
- Usafiri ni upi, na namba ya simu ya dereva ni ipi.
- Fedha za dharura ziko wapi, na nani anaruhusiwa kuzichukua.
- Nani ataamua kama baba yuko safarini. Mama asife akisubiri ruhusa.
- Nani atabaki na watoto na mifugo.
- Ndugu gani wako tayari kuchangia damu.

Mfuko uwe na kadi ya kliniki, khanga safi, nguo za mtoto, sabuni, pamba na vifaa vingine ambavyo kliniki imeelekeza. Anayeishi mbali asogee karibu na kituo wiki chache kabla, kwa ndugu au kwenye nyumba ya kusubiria uzazi.

3. Dalili zisizosubiri asubuhi

Kutokwa damu, degedege, kichwa kuuma sana pamoja na kuona ukungu, homa kali, maumivu makali ya tumbo, chupa kupasuka bila uchungu kuanza, au mtoto kupunguza kucheza tumboni. Mama anayevuja damu nyingi baada ya kujifungua anaweza kufa ndani ya saa mbili. Kwa dharura ya mjamzito, mzazi au mtoto mchanga, pigeni 115, mfumo wa M-mama, bila malipo.

4. Kazi ya kamati

Kila mtaa uteue wanawake wawili wanaoaminika wa kutembelea wajawazito, wakiwemo mabinti ambao hawajaolewa. Hao ndio hujificha zaidi, na aibu huwachelewesha. Wanaume wafundishwe siku yao, maana mara nyingi mfuko wa nyumba uko kwao. Mfuko wa dharura wa usharika uwe na watu watatu wanaoweza kuufungua hata usiku wa manane.

Kwa wafadhili wetu: wodi nyingi hukataa msindikizaji kwa sababu vitanda vinatazamana bila kizuizi. Pazia na kiti kando ya kitanda ni vitu vidogo kwenye bajeti, lakini vingenitosha mimi usiku ule.

Maswali ya kujadili
1. Katika mtaa wetu, mama akianza uchungu saa nane usiku, nani ataamshwa kwanza?
2. Ni wajawazito gani ambao hatujawatembelea, na kwa nini?
3. Je, mfuko wetu wa dharura ungefunguka usiku wa leo?

Leteni majibu yenu kwenye kikao kijacho cha waratibu. Mungu awabariki.