Mwali Uzimikao Kila Mara

Bila shaka mlisikia habari ya maji baridi ya jikoni muhula huu. Hita yetu hutumia gesi ya mtungi, na chini ya tangi lake pana mwali mdogo uwakao mchana na usiku, ambao kazi yake ni kuwasha moto mkubwa maji yanapopoa. Mwali huo ukiwashwa alfajiri, kabla ya saa nne umekwisha zimika. Bwana mpishi akachoka, akasema, "Nitakikaza kitufe hiki kwa waya kisirudi juu, tuone kama utazimika tena." Mwalimu wetu wa Fizikia alimzuia upesi, kisha akatuita sisi wa Kidato cha Tatu tujifunze sababu.

Kwanza yatupasa kujua jinsi chombo hiki kifanyavyo kazi. Ndani ya mwali mdogo hukaa ncha ya kijiti kiitwacho themokapo, kilichoundwa kwa madini mbili za aina mbalimbali zilizounganishwa. Mwaka 1821, Thomas Seebeck, mtaalamu wa Ujerumani, aliona kuwa maungio ya madini mbili yakipashwa moto, sindano ya dira iliyo karibu hugeuka. Sasa twajua kuwa joto hilo huzaa umeme.

Umeme huo ni kidogo mno, kadiri ya milivolti 30, yaani kama sehemu moja ya 50 ya nguvu ya betri moja ya tochi. Lakini watosha kuitia nguvu sumaku ndogo inayouzuia mlango wa gesi usifungike. Mwali ukizimika, ncha hupoa, umeme hukatika, sumaku huachia, na springi huufunga mlango. Basi themokapo ni mlinzi wa zamu. Kukaza kitufe kwa waya ni kumfunga mlinzi mikono: gesi ingepita pasipo moto, na kwa kuwa gesi ya mtungi ni nzito kuliko hewa, ingetuama sakafuni ikingoja cheche moja tu.

Mwali ukizimika mara kwa mara, tazama mambo haya:

1. Mwali wenyewe. Mwali mzuri ni wa samawati, nao huizunguka ncha ya themokapo. Ukiwa mdogo na wa manjano, huenda tundu lake limezibwa na vumbi, masizi au utando wa buibui.

2. Themokapo. Ikiwa mwali ni mzuri, nawe umekibonyeza kitufe kwa muda wa dakika nzima, lakini ukikiachia tu unazimika, basi ncha imechakaa, imesogea nje ya moto, au kiungo chake kimelegea.

3. Upepo. Ukizimika nyakati za upepo tu, tazama mlango, dirisha na bomba la moshi.

4. Bomba la moshi. Likiziba, moshi hurudi chumbani pamoja na kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, nayo huua.

Kabla ya kuwasha tena, funga gesi, ngoja dakika tano au zaidi, kisha nusa hadi karibu na sakafu. Ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti wala usiguse swichi ya taa; fungua madirisha, toka nje, umwite fundi.

Mwali wetu ulikuwa wa manjano, mdogo kama wa mshumaa unaokwisha. Fundi alifunga gesi, akafungua kichomeo, akatoa utando wa buibui na masizi kidogo. Kazi hiyo haikuchukua hata saa moja, na tangu siku ile mwali haujazimika.

Wazazi wenye hita za namna hii, angalieni rangi ya mwali kila mara. Kuzimika kwake si ukaidi wa chombo, ni onyo. Nasi wanafunzi tukumbuke kuwa usipoziba ufa utajenga ukuta.