Nyumba za Kale za Bagamoyo: Mawe, Chokaa na Chumvi

Mwanafunzi anayepita katika mtaa wa zamani wa Bagamoyo, kaskazini ya Dar es Salaam, huona milango iliyotiwa nakshi, kuta nene zilizobanduka lipu na, mahali pengine, magofu matupu. Majengo hayo ni kumbukumbu ya historia. Tena ni maabara ya fizikia na kemia.

Chanzo cha mji

Kabla ya Bagamoyo kustawi palikuwa na mji wa Kaole, kilomita tano hivi kuelekea kusini, ambao magofu ya misikiti na makaburi yake yangaliko. Bagamoyo ilikua hasa katika karne ya 19, ilipokuwa kikomo cha misafara ya pembe za ndovu na ya watumwa iliyotoka Ujiji na Tabora. Mwaka 1868 Mapadre wa Roho Mtakatifu walianzisha misheni yao hapo. Mwaka 1888 watu wa pwani, wakiongozwa na Abushiri bin Salim, waliipinga kwa silaha kampuni ya Kijerumani. Abushiri alinyongwa Pangani mwezi wa Desemba 1889.

Mwaka 1891 Wajerumani walihamishia makao makuu yao Dar es Salaam, kwa kuwa bahari ya Bagamoyo ina kina kifupi na meli kubwa hazikuweza kukaribia ufuko. Mji ukapoteza biashara yake. Lakini kwa sababu hiyo hiyo nyumba nyingi hazikuvunjwa ili kupisha majengo mapya.

Jinsi zilivyojengwa

Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyoshikanishwa kwa chokaa na udongo. Dari hubebwa na boriti za mikoko. Kwa mzigo ulioenea sawasawa, urefu wa boriti ukizidishwa mara mbili, nguvu ya kuipinda huongezeka mara nne. Ndiyo maana vyumba ni virefu lakini vyembamba: upana wake haupiti sana mita tatu.

Chokaa hupatikana kwa kuchoma matumbawe, ambayo ni kalsiamu kabonati:

CaCO₃ → CaO + CO₂

Chokaa hai hiyo huzimwa kwa maji:

CaO + H₂O → Ca(OH)₂

Ikisha kupakwa ukutani, hunyonya hewa ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe:

Ca(OH)₂ + CO₂ → CaCO₃ + H₂O

Kwa nini zinabomoka

Maji hupanda ukutani kutoka ardhini kupitia vitundu vidogo, yakichukua chumvi. Yanapokauka, chumvi huganda kuwa fuwele ambazo hukua na kuusukuma ukuta kutoka ndani. Lipu ya chokaa huyaacha maji yatoke, nayo huharibika kwanza badala ya jiwe. Fundi akiipaka saruji juu ya ukuta huo kwa nia njema, unyevu hufungiwa ndani, na madhara huingia katika mawe yenyewe. Katika majengo ya Wajerumani yaliyotiwa vyuma, kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma chenyewe, hivyo hupasua ukuta. Paa likivuja, boriti huoza, na kuta hupoteza kitu kilichozishikanisha.

Jaribio

Chukua matofali mawili ya kuchoma. Paka moja saruji pande zote isipokuwa chini. La pili liache wazi. Yasimamishe katika sinia yenye maji ya chumvi kwa majuma matatu, ukiongeza maji yanapopungua. Andika kila siku mahali chumvi inapotokea.

Maswali

1. Kwa nini chokaa huhitaji hewa ili iwe ngumu?
2. Eleza jinsi kina cha bahari kilivyobadili historia ya Bagamoyo.
3. Mwenye nyumba ya matumbawe anataka kuikarabati kwa saruji. Utamshauri nini, na kwa sababu gani?

Swali la tatu lastahili kujadiliwa darasani kwa makini, kwani ukuta uliodumu zaidi ya miaka mia moja waweza kuharibiwa na matengenezo ya siku moja.