Somo la Mwezi: Mwanafunzi wa Chuo na Akiba Yake



Katika familia nyingi za kwetu hapa Tooting kuna mtu anayesoma chuo. Ni kijana wa miaka 16 anayekwenda South Thames College pale Tooting Broadway, au ni mama anayejifunza Kiingereza asubuhi na kuwahi watoto shuleni saa tisa mchana. Somo hili ni lao. Mzazi, lisome pamoja na mwanao.

Wapo wanaoacha chuo si kwa sababu masomo yamewashinda. Nauli imekwisha, au wameona aibu kukaa bila chakula mbele ya wenzao. Kwa hiyo akiba ni jambo la masomo pia.

Hatua ya 1: Usilipe usichodaiwa

Mwenye pesa kidogo hawezi kuweka akiba kwa kujinyima tu. Aanze kwa kutolipa kile ambacho hatakiwi kulipa.

Nauli: Kijana wa miaka 16 au 17 anayeishi London anaweza kuomba kadi ya 16+ Zip Oyster photocard. Kuna ada ya kuiomba, lakini baada ya hapo basi na tramu ni bure. Piga hesabu. Mwaka 2025 nauli ya basi ilikuwa £1.75. Kwenda na kurudi ni £3.50, siku tano ni £17.50, wiki kumi ni £175. Mwanafunzi mwenye miaka 18 au zaidi aulize kuhusu 18+ Student Oyster photocard, inayopunguza asilimia 30 ya bei ya tiketi za wiki au mwezi. Na kila mtu akumbuke: ukipanda basi la pili ndani ya saa moja kwa kadi ileile, hulipi tena.

Basari: Wanafunzi wa miaka 16 hadi 19 wana mfuko wa basari chuoni. Walio chini ya uangalizi wa halmashauri, waliotoka katika uangalizi huo, na wanaopokea Universal Credit kwa jina lao wenyewe wanaweza kupata hadi £1,200 kwa mwaka. Wengine hupimwa na chuo kwa kipato cha nyumbani. Baadhi ya familia zenye Universal Credit hupata pia chakula cha mchana cha bure chuoni. Mwenye miaka 19 au zaidi aulize kuhusu Learner Support, inayoweza kusaidia nauli, vitabu na hata malezi ya mtoto. Hakuna atakayekufuata nyumbani na fomu. Nenda mwenyewe ofisi ya wanafunzi wiki ya kwanza ya muhula, kwa sababu mfuko huu una mwisho wake.

Mambo mengine matatu:
- Mwanafunzi wa muda wote aliye chini ya miaka 19 halipii dawa anazoandikiwa na daktari. Mtu mzima mwenye kipato kidogo ajaze fomu ya HC1.
- Mwanafunzi wa muda wote hahesabiwi katika Council Tax. Ipeleke barua ya chuo halmashauri.
- Mzazi, mtoto akitimiza 16 na akaendelea na masomo, wajulishe HMRC. Usipofanya hivyo, Child Benefit yake itasimama tarehe 31 Agosti.

Hatua ya 2: Pika, beba

Chakula cha kununua cha £4 kwa siku ni £20 kwa wiki. Kwa pesa hiyo unaweza kupata mchele, maharage na ndizi za kupika katika masoko na maduka ya Tooting. Pika sufuria moja Jumapili, gawa katika vyombo, beba. Wali na maharage si chakula cha kuonea haya.

Hatua ya 3: Weka kabla hujatumia

Tumezoea upatu, na ndugu zetu wa Kongo wanauita likelemba. Upatu una nguvu kwa sababu watu wanakusubiri, na ukichelewa unaona haya. Benki haikusubiri. Basi iagize ihamishe pesa yenyewe siku ileile unapolipwa, hata ikiwa ni £5.

Kama unapokea Universal Credit na una mshahara, hata wa kazi ya Jumamosi tu, uliza kuhusu Help to Save. Unaweka hadi £50 kwa mwezi, na serikali inaongeza nusu ya kiasi cha juu ulichofikisha. Ukiweka £20 kila mwezi kwa miaka miwili bila kutoa, una £480, kisha unaongezewa £240.

Angalizo: akiba chini ya £6,000 haipunguzi Universal Credit. Ikizidi hapo, lazima useme.

Hatua ya 4: Simu mbili

Simu ya kwanza inatoka nyumbani. Mjomba anaumwa, ada ya binamu haijalipwa. Kusaidia ni jambo jema, wala hatukwambii uache. Ila panga kiasi chako mapema na ukitaje bila kuficha: "Mjomba, mwezi huu nina £10." Wazazi, basari ya mtoto isiguswe kwa ajili hii. Ndiyo nauli yake na vitabu vyake.

Simu ya pili inatoka kwa mtu usiyemjua vizuri, labda hata rafiki wa chuo. Anasema: "Nipe namba ya akaunti yako, pesa zipite tu, utabaki na £100." Kataa. Huko ni kusafisha pesa za wizi. Akaunti yako inaweza kufungwa, kupata nyingine ikawa kazi, na adhabu ya juu ya kosa hili ni kifungo cha miaka 14. Inaweza pia kuharibu maombi yako ya uraia. Ukishatoa namba, piga simu benki leo.

Zoezi la nyumbani

Kaeni pamoja, mzazi na mwanafunzi, mjibu:
1. Wiki iliyopita tulitumia kiasi gani kwa nauli na chakula cha kununua?
2. Ni kitu gani katika Hatua ya 1 ambacho bado hatujakiomba? Nani ataomba, na siku gani?
3. Ni kiasi gani tunaweza kuweka kila mwezi bila kukigusa?
4. Ni kiasi gani tutatuma nyumbani, na nani atawaambia?

Ukikwama kwenye fomu, ilete ofisini kwetu pamoja na barua zako. Tutaijaza pamoja. Haba na haba hujaza kibaba.