Chumvi Mbadala: Bei ya Dukani na Gharama ya Kiharusi

Presha haipigi hodi. Mkulima wa Kisarawe anaweza kupalilia mihogo yake mwaka mzima akijiona yuko sawa, mpaka siku mkono unapolegea na maneno yanapomkwama mdomoni. Hicho ni kiharusi. Hapo familia huanza kulipa: gari la kwenda hospitali ya Tumbi au Muhimbili, dawa za kila siku, na kipato cha binti aliyeacha biashara ili amuuguze.

Sodiamu iliyomo kwenye chumvi hupandisha presha. Katika chumvi mbadala, sehemu ya sodiamu huondolewa na kuwekwa potasiamu, madini yanayopatikana pia kwenye ndizi na maharage. Nchini China iligawiwa chumvi ambayo robo yake ni kloridi ya potasiamu, katika utafiti wa vijiji 600 uliodumu karibu miaka 5. Matokeo yalitolewa mwaka 2021: kati ya waliowahi kupata kiharusi, au wazee wenye presha, kiharusi kilipungua kwa asilimia 14 kwa waliotumia chumvi hiyo. Januari 2025 Shirika la Afya Duniani likaipendekeza kwa watu wazima.

Kule China chumvi hiyo iliuzwa takriban mara moja na nusu ya bei ya chumvi ya kawaida. Tupige hesabu ya nyumbani. Watu sita, kila mmoja akila gramu 10 kwa siku, humaliza kilo 1.8 kwa mwezi. Kwa tofauti hiyo, nyongeza ya mwezi mzima haifiki bei ya kilo moja ya chumvi ya kawaida. Linganisha na safari moja tu ya mgonjwa.

Lakini si ya kila mtu. Mwenye ugonjwa wa figo asiitumie, maana potasiamu ikizidi mwilini huvuruga mapigo ya moyo. Anayetumia dawa za presha kama kaptopril au spironolaktoni amuulize daktari kwanza. Pendekezo la Shirika la Afya Duniani haliwahusu wajawazito na watoto, na sisi tunakula chungu kimoja. Kwa hiyo ulizeni kabla ya kubadilisha. Na chumvi mtakayonunua iwe na madini joto.

Msipoipata dukani, punguzeni iliyopo. Mtu mzima asizidishe gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, ikiwemo ile inayonyunyizwa kwenye mihogo ya kukaanga. Kisamvu chenye tui na ndimu hakihitaji chumvi nyingi.

Nendeni kituo cha afya mkapime presha, na mwenye dawa asiziache.